Moyo umeziba, mshipa wa tumbo umetanuka: vipasuliwe siku moja?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 70, mstaafu, tunaishi Tanga. Alivuta sigara zaidi ya miaka thelathini, akaacha. Mwezi uliopita alipigwa ultrasaundi kwa ajili ya tezi dume, wakakuta mshipa mkuu wa damu tumboni umetanuka hadi sentimita 6.4. Tulipompeleka Dar es Salaam wakakuta na mishipa ya moyo imeziba: shina la kushoto kwa asilimia 70, na mingine miwili. Tumbo halimuumi, ila akipanda ngazi kifua kinambana. Daktari mmoja anasema apasuliwe moyo na tumbo siku moja. Mwingine anasema moyo kwanza, tumbo baada ya miezi mitatu. Sisi watoto tungependa vyote vifanyike mara moja tumalize. Baba tumemwambia ana presha tu. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ina maswali mawili, na hilo la mzee kufichwa sitaliacha lipite. Nianze na ulilouliza. Kwa hali uliyoieleza, moyo utangulie, lakini tumbo lisingoje miezi mitatu. Lingoje wiki chache tu, na ikiwezekana limalizike kabla mzee hajarudi Tanga. Upasuaji wa vyote viwili siku moja upo, na kuna wagonjwa ambao hawana njia nyingine. Baba yako, kwa maelezo yako, bado hajafika huko. Picha zake sijaziona, na walio nazo mkononi ndio wenye neno la mwisho, lakini nitakueleza sababu zangu ili ukikaa mbele yao ujue la kuuliza.

Mshipa mkuu wa damu, aota, hutoka kwenye moyo, hukunja nyuma ya kifua na kushuka tumboni mbele ya uti wa mgongo hadi usawa wa kitovu, unapogawanyika kwenda miguuni. Tumboni upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Ukuta wake ukichoka hutokeza nje kama mpira wa baiskeli uliofanya tumbo, na ukifika sentimita 3 tunauita anyurizimu. Ile midogo hatuigusi. Tafiti mbili kubwa, moja ya Uingereza na moja ya Marekani, zilionyesha kwamba chini ya sentimita 5.5 kumfuatilia mgonjwa kwa ultrasaundi ni salama sawa na kumpasua. Kwa wanawake, wengi wetu madaktari huanza kufikiria upasuaji kwenye 5. Baba yako amevuka mpaka huo. Kwa ukubwa wa sentimita 6 hadi 7, hatari ya mshipa kupasuka hukadiriwa kuwa kati ya wagonjwa 10 na 20 katika kila 100 kwa mwaka, na ukipasuka, karibu wanane katika kila kumi hufa, wengi wao hata hospitali hawafiki.

Sasa gawanya hesabu hiyo kwa miezi. Inakuja kama mgonjwa mmoja au wawili katika 100 kwa kila mwezi mmoja wa kungoja. Si hatari ya kupuuza, wala si ya kuwafanya mkimbilie chumba cha upasuaji kesho asubuhi bila mpango. Shikeni kipimo hicho kichwani, maana hofu inayowasukuma kutaka vyote siku moja nadhani inatokana na kuambiwa kwamba mshipa unaweza kupasuka, bila kuambiwa ni kwa kiasi gani.

Moyo wake nao una neno zito. Mishipa inayoulisha moyo huanza na mashina mawili, na lile la kushoto ndilo linalolisha sehemu kubwa ya msuli wa moyo. Likiziba kwa asilimia 70, sehemu yote hiyo inaishi kwa tundu jembamba. Kifua kubana anapopanda ngazi ni moyo kudai damu na kuikosa. Wala si ajabu magonjwa haya mawili kukutana ndani ya mtu mmoja: sigara, presha, mafuta kwenye damu na umri huishambulia mishipa yote kwa pamoja. Mwaka 1984 madaktari wa Cleveland Clinic, Ohio, walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,000 waliokuwa wakingoja upasuaji wa mishipa ya damu, wote wakapigwa picha ya mishipa ya moyo. Waliokutwa na mishipa mizima kabisa walikuwa 8 tu katika kila 100. Kati ya wenye anyurizimu ya tumbo, karibu theluthi moja walikuwa na ugonjwa wa moyo mkali ambao ungeweza kutengenezwa. Tangu hapo hakuna daktari makini anayeupasua mshipa wa tumbo bila kwanza kuuliza habari za moyo.

Kwa nini tusitengeneze tumbo kwanza, basi? Kwa sababu ya koleo. Katika upasuaji wa wazi, mpasuaji huubana mshipa mkuu kwa koleo chini ya mishipa ya figo, akalipasua tumbo la mshipa na kushona bomba la kitambaa ndani yake. Wakati koleo limebana, moyo unasukuma damu dhidi ya mlango uliofungwa, presha inapanda, na msuli wa moyo unataka oksijeni zaidi. Koleo linapofunguliwa ni kinyume chake: damu inakimbilia miguuni, presha inaporomoka, na taka zilizojikusanya miguuni zinarudi moyoni zote kwa mpigo. Moyo mzima hustahimili. Moyo ambao shina lake la kushoto limeziba unaweza kusimama pale pale mezani.

Hapa niweke angalizo, kwa sababu jirani au binamu atakuja kuwaambia kwamba baba yake alitengenezwa mshipa wa tumbo bila kuguswa moyo na yu mzima. Anaweza kuwa anasema kweli. Utafiti wa hospitali za maveterani, yaani askari wa zamani, wa Marekani, uliotolewa mwaka 2004, uliwagawa kwa kura wagonjwa 510 waliokuwa na mishipa ya moyo iliyoziba na wanaongoja upasuaji mkubwa wa mishipa ya mwili. Nusu walitengenezwa moyo kwanza, nusu hawakutengenezwa. Baada ya miaka karibu mitatu vifo vililingana: 22 kwa 23 katika kila 100. Kwa hiyo wengi wenye moyo uliotulia huhitaji dawa tu, uangalizi mzuri, na mtaalamu wa nusukaputi anayejua kazi yake. Lakini wenye shina la kushoto lililoziba nusu au zaidi hawakuingizwa katika utafiti ule, kwani ilionekana si haki kuwaacha bila kutibiwa moyo. Baba yako ni mmoja wa hao. Ndiyo maana madaktari wenu wote wawili, pamoja na kutofautiana kwao, wamekubaliana kwamba moyo utengenezwe. Wanachobishania ni pengo la kungoja.

Huyo aliyesema siku moja ana hoja, na ningependa muielewe. Baada ya upasuaji wa moyo mwili mzima huwa katika hali ya kuungua kwa ndani. Kuna vimeng'enya vinavyokula nyuzi za kolajeni, na nyuzi hizo ndizo zinazoushikilia ukuta wa mshipa uliotanuka. Moyo uliopata damu mpya nao husukuma kwa nguvu kuliko zamani. Kuna taarifa za wagonjwa waliotoka salama kwenye upasuaji wa moyo, kisha mshipa wa tumbo ukapasuka siku au wiki chache baadaye. Mmoja wa namna hiyo nilimpokea mimi mwenyewe. Kule alikofanyiwa upasuaji wa moyo walimwambia arudi baada ya miezi mitatu, akaenda kupumzika kijijini. Wiki ya tano akashikwa na maumivu ya mgongo, ndugu wakadhani ni uchovu wa kulala sana, wakamkanda. Walipomfikisha kwetu hatukuweza kumwokoa. Tangu siku ile nikisikia "miezi mitatu" kwa mshipa wa zaidi ya sentimita 6 moyo wangu hautulii.

Pamoja na hayo, siku moja si jambo jepesi. Inataka kufunguliwa kifua na tumbo katika usingizi mmoja, saa nyingi mezani. Kwa kawaida huanza moyo. Mshipa wa kifuani na mishipa ya mguuni hupandikizwa ili kuzunguka sehemu zilizoziba, ndiyo hiyo baipasi, kisha tumbo linafunguliwa, na wapo wanaoacha kifua bila kufungwa hadi mwisho ili moyo ukiyumba wawe wameshaufikia. Ikitumika mashine ya moyo na mapafu, mgonjwa hupewa heparini nyingi ya kuzuia damu isigande, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, huchoka kwa kupita ndani ya mashine. Hapo ndipo unapofungua tumbo, mahali ambapo kila mshono wa aota unategemea damu igande. Kuvuja damu ndilo tatizo la kwanza. Figo ndilo la pili, na la tatu ni mapafu, ambalo watu hulisahau: mgonjwa mwenye kidonda kutoka shingoni hadi chini ya kitovu anaumia akikohoa, basi hakohoi, na makohozi yanamjaa. Kwa mvutaji wa zamani hiyo ni njia fupi ya kupata nimonia. Mbinu ya kupandikiza mishipa huku moyo ukiendelea kudunda, bila mashine, imepunguza sehemu ya mzigo huo, na vituo vinavyofanya vyote siku moja vingi huipendelea. Lakini inahitaji mikono iliyoizoea.

Mimi binafsi nautunza upasuaji wa siku moja kwa mgonjwa ambaye pande zote mbili haziwezi kungoja. Kwanza awe na moyo wa hatari, kama shina la kushoto au kifua kinachobana hata akiwa amelala. Pamoja na hilo, mshipa uwe umeanza kuuma tumboni au mgongoni, au unauma ukibonyezwa, au umekua upesi ndani ya miezi michache, au umefika sentimita 8 hivi. Mgonjwa huyo kumpa wiki nne za kungoja ni kumchezea kamari. Baba yako ana sharti la kwanza. La pili hana.

Na kuna njia ya tatu, ambayo kwenye barua yako sikuiona ikitajwa. Mwaka 1990 huko Buenos Aires, Juan Parodi alimtengeneza mgonjwa mwenye anyurizimu ya tumbo bila kumpasua tumbo: alipitisha bomba la kitambaa lililokunjwa kupitia mshipa wa kinena, akalifungulia ndani ya aota, likaishika kuta na kuuondolea ule uvimbe msukumo wa damu. (Muargentina mwenzake, René Favaloro, ndiye aliyeanzisha pale Cleveland mwaka 1967 baipasi ya kutumia mshipa wa mguu kama tunavyoijua leo. Baba yako ana magonjwa mawili ambayo tiba zake zina deni kwa nchi moja.) Njia hii ya kinena haihitaji koleo kwenye aota, inaweza kufanyika kwa ganzi ya chini tu, na mgonjwa mara nyingi huanza kutembea kesho yake. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza vifo ndani ya siku 30 vilikuwa 1.7 katika 100 kwa njia ya kinena, na 4.7 kwa upasuaji wa wazi. Faida hiyo hupungua miaka inavyokwenda, na baada ya mwaka wa nane wale wa upasuaji wa wazi wakawa na hali bora, kwani bomba la ndani linaweza kuvujisha au kusogea. Ndiyo sababu aliyewekewa lazima apigwe picha kila mwaka maisha yake yote. Kwa mzee wa miaka 70 ambaye kifua chake kimetoka kufunguliwa, mimi ningeibeba hasara hiyo ya miaka ya mbele.

Kinachoamua kama inawezekana ni umbo la mshipa wake. Panatakiwa shingo, yaani kipande cha mshipa mzima chini ya figo, cha angalau sentimita 1 hadi 1.5 ili bomba lipate pa kushika, na mishipa ya kinena iwe na nafasi ya kulipitisha. Ultrasaundi haiwezi kutoa jibu hilo. Inahitajika CT skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na kabla ya dawa hiyo lazima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe, maana figo za watu wa aina hii huwa zimeshaguswa. Kama hakuipiga, hilo ndilo la kufanya wiki hii, kabla ya ubishi wowote kuhusu siku moja au mbili. Ukubwa wa bomba nao huchaguliwa kwa vipimo vya CT, na pengine huagizwa kutoka nje, ni ghali, kwa hiyo oda itolewe kabla ya upasuaji wa moyo. Msingoje apone ndipo muanze kuulizia.

Kwa hiyo mpango ambao ningeupigania kama angekuwa baba yangu ni huu: CT sasa, moyo upasuliwe mapema, na akishasimama vizuri, figo zikiwa zimetulia, bomba liwekwe kwa njia ya kinena, hata kama ni wiki mbili tu zimepita, kabla ya kuondoka Dar es Salaam. Kama umbo la mshipa litakataa njia ya kinena, basi tumbo lifunguliwe baada ya wiki nne hadi sita, na wiki hizo zote asiishi mbali na hospitali yenye mpasuaji wa mishipa. Waambieni na wapasuaji kwamba mnajua mshipa wa mguuni utachukuliwa kwa ajili ya moyo. Ni vizuri kidonda cha kinena kisilundikwe juu ya kidonda cha kuchukulia mshipa huo.

Mtaniuliza kuhusu stenti za moyo, vile vibomba vya wavu vya kuupanua mshipa ulioziba, badala ya kupasua kifua. Zinawekwa hata kwenye shina la kushoto, kwa baadhi ya wagonjwa, lakini baada yake kuna dawa mbili za kuzuia damu kuganda ambazo haziachwi ovyo kwa miezi, na kumpasua tumbo mtu aliye kwenye dawa hizo ni taabu. Pamoja na bomba la kinena hata hivyo huweza kupatana. Muulizeni daktari wa moyo, mwenye mishipa mitatu mara nyingi atarudi kwenye baipasi.

Lipo jambo la fedha, nalo hulikuandika ila nimelisoma katikati ya mistari. "Mara moja tumalize" ni pia nauli ya mara moja, chumba cha kupanga cha mara moja, ruhusa moja kazini, bili moja. Sioni aibu katika hilo, familia nyingi zinaamua hivyo. Lakini wiki za ziada kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na figo zikigoma mashine ya kusafishia damu, zinaweza kula zaidi ya kile mlichokusudia kuokoa. Tafuteni ndugu wa kukaa naye Dar es Salaam kwa wiki sita. Wachangia damu pia muwaandae mapema, wa mara mbili.

Wakati mnangoja, aspirini na statini, dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, alizoandikiwa asiache hata siku moja. Dawa ya kupunguza mapigo ya moyo kama ameshaanza aendelee nayo, ila asianzishiwe dozi kubwa asubuhi ya upasuaji: utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba inazuia shambulio la moyo lakini inaongeza kiharusi na vifo. Presha ipimwe kila siku na kuandikwa. Asinyanyue ndoo wala gunia, choo kisimkaze, kikohozi kitibiwe. Na mtu yeyote asimkande tumbo, hata kwa mafuta, hata kwa nia njema. Maumivu mapya ya tumbo, ya mgongo au ya kiunoni yanayoshuka kinenani, pamoja na jasho la baridi au kizunguzungu, ni kukimbilia hospitali usiku huohuo. Kwetu maumivu ya namna hiyo huitwa ngiri, au mawe ya figo, na mtu akapewa dawa akalale. Mwambieni daktari wa zamu mlangoni, kabla ya salamu: "Ana mshipa mkuu wa tumbo uliotanuka, sentimita 6.4." Wewe na ndugu zako, hasa wa kiume na wanaovuta sigara, msingoje kufika umri wa mzee, na nyinyi muulizeni daktari lini mpigwe ultrasaundi ya tumbo. Ugonjwa huu hupita katika familia.

Sasa mzee mwenyewe. Najua mmemficha kwa mapenzi, mkiogopa presha itapanda. Lakini soma tena nilichoandika juu ya maumivu. Nani atayasikia kwanza? Ni yeye, saa nane za usiku, na akiamini ana presha tu atajigeuza upande wa pili angoje kuche ili asiwasumbue. Karatasi ya kukubali upasuaji ni yeye wa kuitia sahihi. Kidonda cha kifuani atakitazama kila asubuhi. Na huenda ana neno lake: wapo wazee niliowaeleza yote wakachagua moyo tu, wakasema tumbo wanamwachia Mungu, nikawaheshimu, kwa kuwa walichagua wakijua.

Mwambie wewe, mkiwa wawili, baada ya chakula cha jioni, siku ambayo amekunywa dawa zake. Anza na yale anayoyajua: kifua kinachobana kwenye ngazi. Kisha umweleze kwamba tumboni kuna mshipa uliochoka, kwamba una dawa yake, na kwamba akisikia maumivu asiyoyajua akuamshe, hata kama ni mara tatu usiku mmoja. Majibu ya CT yakitoka, niandikie urefu wa shingo ya mshipa na namba ya kreatinini.